Zumbe Namba Kumi na Saba

Kuna jambo niliwahi kuombwa kuliamua, nikapewa wiki nzima ya kufikiri, na wiki ikaisha nikiwa sijui zaidi ya nilivyojua siku ya kwanza. Tangu hapo nimelisimulia kwa hakimu mstaafu, kwa wanawake wa kikundi cha upatu, kwa watoto wa darasa la nne. Wote hunijibu upesi, na kila mmoja jibu lake halifanani na la mwenzake. Leo nawaletea ninyi. Sikilizeni mpaka mwisho kabla hamjachagua upande, maana mimi nimeshachagua pande zote na kuzihama.

Jambo lenyewe ni la gitaa moja na watu watatu.

Wa kwanza ni Leocadia Mhina, karani wa masjala ya reli hapa Tanga mpaka alipostaafu. Kipaji chake kilikuwa kutoamini karatasi moja. Ungemwonyesha barua yenye mihuri mitatu, angekuuliza barua iliyoitangulia iko wapi.

Wa pili ni Hemedi Sekiete, seremala wa vitanda na makabati, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani. Kipaji chake kilikuwa mikononi. Akishika mguu wa meza leo, mwezi ujao atauchonga wa kufanana nao bila kuuona tena. Umuulize jana alikula nini, hakumbuki.

Wa tatu ni Bi Nuru Shemdoe, mshonaji wa sare za shule, Muheza. Kipaji chake: wimbo ukiingia kwake hautoki. Sauti yake haikuwa nzuri, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema. Lakini wimbo aliousikia akiwa na miaka sita aliweza kuuimba kwa mwendo uleule, akivuta pumzi palepale, neno lisipungue.

Hawa watatu walikutanishwa na masikio ya mzee mmoja.

Mzee Athumani Kaniki alikuwa mpigaji wa gitaa la solo wa bendi ya Mabokweni Jazz, enzi watu walipokuwa wakivaa soksi nyeupe kwenda dansini. Gitaa lake lilikuwa Zumbe. Kwa Wabondei na Wasambaa zumbe ni mtawala, na fundi Abeid Mhando aliyeyatengeneza magitaa hayo kwenye karakana yake hapa mjini hakuwa mtu wa kujidharau. Alianza mwaka wa sitini na tano, akaacha mwaka wa sabini na nne. Kwa miaka yote hiyo yalitoka magitaa sitini na manne tu. La Mzee Kaniki lilikuwa namba kumi na saba.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Kabla ya shingo ya gitaa kufungwa kwenye mwili kwa skrubu nne, fundi aliandika jina lake kwa penseli ndani ya kile kishimo ambamo shingo inakaa. Gitaa moja, jina moja. Likiharibika, mwenye nalo ajue mlango wa kugonga. Karakana ilikuwa na watu kadhaa, lakini jina lililoandikwa lilikuwa la Mhando siku zote.

Ukaja mwaka wa mvua kubwa. Maji yaliingia nyumbani kwa Mzee Kaniki yakafika kitandani, na namba kumi na saba, lililokuwa chini ya kitanda, likatoka bubu. Mbao zilikauka zikarudi sawa, ila sauti haikurudi. Mafundi wa redio walijitolea kulifungua, naye akakataa. Rafiki yake aliwahi kufunguliwa Zumbe lake, akarudishiwa likiwa na sauti ya nzi ndani ya chupa. Basi namba kumi na saba likatundikwa ukutani sebuleni, halifunguliwi, halipimwi, halisemi.

Miaka ishirini baadaye daktari akamwambia Mzee Kaniki kwamba sikio la kushoto limeshakwenda na la kulia linafuata. Hakulia. Alirudi nyumbani akalitazama gitaa ukutani, kisha akamwambia bintiye Mwanahawa maneno ambayo yalizunguka mji mzima kabla ya Ijumaa:

"Atakayenirudishia sauti ile, niisikie kabla sijaziba, namba kumi na saba ni lake."

Wakati huo Hemedi alikuwa ameshaanza kutengeneza Zumbe za marudio. Vijana wa bendi walizipenda kwa umbo lao la kizamani. Alikuwa na mchoro halisi wa karakana ya Mhando, wenye vipimo vyote, na aliufuata bila kuongeza wala kupunguza. Aliposikia ahadi ya mzee, akachukua gitaa lake bora akaenda.

Mwanahawa alilipiga. Alikuwa mwalimu wa sekondari Muheza, tulikokuwa tukifundisha pamoja, na kupiga gitaa alifundishwa na baba yake juu ya hilohilo namba kumi na saba kabla halijazama. Mzee akasikiliza, akageuza sikio la kulia, akasikiliza tena.

"Zuri," akasema. "La nani?"

"Zumbe, Mzee," Hemedi akajibu. "Kipimo kwa kipimo."

"Mwanangu, nimeishi na Zumbe miaka mingi kuliko niliyoishi na mke wangu. Huyu simjui."

Hemedi akatoka amenuna. Akaenda moja kwa moja kwa aliyempa ule mchoro, na aliyempa alikuwa Leocadia. Mhando aliwahi kutengeneza viti vya mabehewa, na karatasi zake zilibaki masjala ya reli.

"Bi Leo, karatasi yako imeniaibisha."

Leocadia hakujitetea. Alivaa miwani, akautazama mchoro kama anauona mara ya kwanza, kisha kidole chake kikasimama penye tarehe. "Huu ni wa mwaka wa sabini," akasema polepole. "Gitaa la Kaniki ni la sitini na saba. Nimekupa picha ya mdogo mtu ukamtafute kaka."

Hapo ndipo kazi yake ilipoanza. Alichukua daftari na mwavuli, akazunguka Tanga, Pangani, Korogwe, Lushoto, akiuliza nyumba kwa nyumba nani ana Zumbe. Aliyapata kumi na moja. Moja lilikuwa kanisani, moja lilikuwa limekuwa rafu ya vikombe. Akaandika namba, mbao, unene, na mwaka. Miezi minane baadaye alijua jambo ambalo hakuna aliyelijua: hapajawahi kuwa na Zumbe moja. Yale ya mwanzo mwili wake ni mkangazi. Yale ya sitini na saba, namba kumi na tatu hadi ishirini na nne, ni mvule. Yaliyofuata ni mtiki, kwa sababu mvule uliadimika. Mwaka wa sabini, nchi ilipohama kutoka inchi kwenda sentimita, mchoraji alibadili vipimo vyote na kuvikamilisha, kila penye nusu akiweka nzima, kwa hiyo magitaa yakanenepa na hakuna aliyeshtuka. Mwaka wa sabini na mbili waya mwembamba ulikosekana, wakatumia wa mota za feni. Kila kizazi kilibadili kitu kidogo, na kila kizazi kiliitwa Zumbe vilevile.

Na mvule wa sitini na saba haukuwa mvule wa dukani. Zilikuwa mbao za sakafu ya kiwanda cha mkonge kilichovunjwa, zilizokauka kwa miaka thelathini chini ya miguu ya watu. Zilizobaki zilikwenda wapi? Leocadia alizifuata kwa stakabadhi na kwa wazee mpaka kwenye kigango kimoja, kanisa dogo la kijijini, njia ya Mlingano, zikiwa mabenchi. Alisali na waumini wake Jumapili tatu kabla ya kuomba lolote. Jumapili ya nne wakampa benchi lililovunjika mguu.

"Hizi hapa," akamwambia Hemedi, akizitua kwenye karakana. "Zimekaliwa, zimesaliwa. Usiniharibie."

Sasa ikawa zamu ya Hemedi. Mbao alikuwa nazo, lakini shingo ya sitini na saba hakuna karatasi iliyoisema. Leocadia alikuwa ameshaligundua hilo pia: mwaka huo mashine ya kurandia iliharibika, Mhando akachonga shingo zote kumi na mbili kwa randa ya mkono, kila moja kwa ajili ya mtu wake. Njia pekee ilikuwa kuipima ya namba kumi na saba.

"Hakuna futi itakayogusa gitaa langu," Mzee Kaniki akasema.

"Basi mkono?" Hemedi akauliza.

Mzee akafikiri. "Mkono, sawa. Mkono hauibi."

Ndivyo Hemedi alivyokwenda kila Alhamisi baada ya alasiri, kwa miezi mingi, akakaa kwenye mkeka, ameshika shingo ya gitaa bubu, macho amefumba, huku mzee akimpigia stori za wanawake wa Korogwe. Hakuandika kitu. Akirudi karakana, aliingia moja kwa moja kwenye kipande cha mninga, mkono ukiwa bado una joto la ile shingo. Alichonga moja akaipeleka. Mzee aliishika bila kuitazama.

"Ya mgeni," akasema, akairudisha.

Ya pili: "Ya mgeni mwenye adabu." Ya tatu akaicheka. Ya nne aliishika muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ni ndugu yake, lakini si yeye," na Hemedi akaenda kuichoma kwenye jiko la mke wake. Ya tano mzee aliipokea akiwa anazungumza na mtu mlangoni. Hakukatisha mazungumzo. Lakini vidole vyake vya kushoto, bila yeye kuviambia, vilijipanga juu ya ubao wa mpingo uliobandikwa kwenye shingo ile na kubana sauti ambayo haikuwepo, maana nyuzi hazikuwepo.

Mwanahawa aliona. Hemedi aliona. Mzee alipoona wanautazama mkono wake, ndipo naye alipoutazama.

Walilifunga gitaa, mbao za sitini na saba, shingo ya sitini na saba, na Mwanahawa akalipiga. Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mwili wake. Mkono wake. Lakini anazungumza kwa mdomo wa mtu mwingine."

Mdomo wa gitaa la umeme ni kile kidude kilicho chini ya nyuzi, sumaku iliyoviringishiwa waya mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Wapigaji wanakiita pikapu. Hemedi aliweka ya kununua. Ya Mhando waya wake ulizungushwaje, hata Leocadia na madaftari yake hakuwa amepata mstari mmoja.

Mwanahawa alilizungumza jambo hilo ofisi ya walimu, Muheza, akiwa amekata tamaa. Bi Nuru alikuwa pale na futi ya kitambaa shingoni, amekuja kupima sare.

"Kwa Mhando?" akauliza. "Waya wa magitaa kwa Mhando alikuwa akiuzungusha mama yangu."

Sote tuliinua vichwa.

"Kwa cherehani," akaendelea, kana kwamba ni jambo la kila nyumba. "Alifunga kidude kwenye gurudumu la cherehani, mimi nikishika waya usikatike. Nilikuwa na miaka sita."

"Alizungusha mara ngapi, Bi Nuru?" Mwanahawa aliuliza.

"Mama hakuhesabu mara. Aliimba."

Mama yake, Bi Rukia, hakuwa amesoma zaidi ya kujua tarakimu. Akihesabu mizunguko angepotea njiani, kwa hiyo alizungusha huku akiimba wimbo mmoja wa kutwanga, na alijua kidude kimejaa pale wimbo ulipofika mara saba na nusu. Ile nusu ilikuwa katikati ya wimbo wa nane, penye neno ambalo Bi Nuru alilikumbuka mpaka pumzi yake.

Cherehani ya mama yake bado anaishonea sare. Hemedi alimletea waya, Bi Nuru akafunga kidude kwenye gurudumu, akasafisha koo, akaomba radhi kwa sauti yake, akaanza. Waya ulikatika wimbo wa nne. Akaanza upya. Ukakatika wa sita. Hemedi, ambaye uvumilivu wake uliishia kwenye mbao, akaweka kihesabio kwenye gurudumu, akamwomba Bi Nuru aimbe saba na nusu bila waya, akapata idadi ya mizunguko, akaenda kuzungusha mwenyewe kwa drili, robo ya muda. Idadi ileile. Walipoifunga, gitaa lilisema vizuri sana, safi, wazi, na Mzee Kaniki akapiga mwayo.

"Ulifika penye kiitikio ukafanya nini?" Bi Nuru akamwuliza Hemedi.

"Drili haina kiitikio, Bi Nuru."

"Ndiyo kosa lako. Mama penye kiitikio alilegeza. Waya unalala legelege pale, halafu beti ikianza anakaza. Wewe umekaza mwanzo mpaka mwisho kama unafunga mzigo wa kuni."

Alirudia yeye. Mara ya tisa waya haukukatika. Alifika saba na nusu, akasimama palepale penye neno la mama yake.

Ikafika Jumamosi ya kusikiliza. Leocadia, ambaye haamini karatasi moja, hakuamini pia gitaa moja. Alidai yatengenezwe manne: moja lisilo na mbao za kigango, moja lisilo na shingo ya mkono, moja lisilo na waya wa wimbo, na moja lenye vyote. Mzee akae ameelekea ukuta. Hemedi alilalamika wiki mbili, akayatengeneza.

Tulikuwa sebuleni, saa kumi jioni, namba kumi na saba likiwa limetundikwa juu ya kichwa cha mzee. Mwanahawa akapiga la kwanza, lile la mbao za dukani.

"Sauti inaingia," mzee akaueleza ukuta, "halafu inaondoka mapema. Kama mgeni aliyeacha teksi nje inamsubiri."

La pili, lenye shingo ya mchoro. "Mwanangu anapiga kama amevaa viatu vya mtu. Vidole vinakwenda, lakini vinaangalia pa kukanyaga."

La tatu, lenye pikapu ya drili. "Huyu anasoma taarifa ya habari. Kila neno limesikika. Hajawahi kucheza dansi maishani mwake."

Mwanahawa akachukua la nne. Alipiga kile kipande cha solo kilichompatia baba yake mke. Mama yake ndiye aliyekuwa mbele ya jukwaa usiku ule. Alipomaliza, mzee alibaki ameelekea ukuta. Tulidhani hakusikia.

"Rudia," akasema.

Akarudia.

"Alikuwa amevaa gauni la bluu," Mzee Kaniki akasema. "Nilikuwa nimesahau kama lilikuwa bluu."

Hapo sasa, ndugu zangu, ndipo tatizo linapoanza. Maana mzee aligeuka kutoka ukutani, akafuta uso, akanyanyua mkono kuelekea namba kumi na saba ili alikabidhi kama alivyoahidi, na mkono ukabaki juu. Walisimama watu watatu.

Hemedi alikuwa wa kwanza kusema. "Mimi sitaki ugomvi. Lakini benchi lilikuwa benchi, na waya ulikuwa waya. Aliyetengeneza gitaa ni nani?"

"Kabati nalo ni mbao, Hemedi," Bi Nuru akamjibu. "Mbona makabati yako hayajawahi kumkumbusha mtu gauni?"

"Na bila mimi," Leocadia akasema, "mngekuwa bado mnanakili mchoro wa mwaka usio wake."

"Mchoro uliotupatia wewe!" Hemedi akadakia.

"Ndiyo. Nani mwingine hapa aliyewahi kurudi na kusema nimekosea?"

Hemedi akatazama chini. Ile shingo ya nne, aliyoichoma jikoni, aliichoma bila kumwambia mtu.

Lakini msiwaone kama watu wa tamaa. Kila mmoja alikuwa na haja yake, na haja hizo ndizo zilizonifunga. Hemedi alikuwa na miaka hamsini na minane. Alijua mikono nayo husahau, na alilitaka namba kumi na saba ili awe na pa kurudi kushika kila anapochonga. Bi Nuru hakuwa na picha ya mama yake, hata moja. Ule waya ndani ya gitaa ndio kitu pekee kilichobaki ambacho vidole vya mama yake vilikipanga, na alitaka lifunguliwe aguse. Leocadia alikuwa ameona, kati ya yale magitaa kumi na moja, matatu yakibadilishwa ndani ya mwaka mmoja tangu ayaandike. Alilitaka ili libaki kama lilivyo, lisishikwe, lisifunguliwe, hata moja tu katika dunia libaki kweli. Ukimpa mmoja, unavunja haja ya wengine wawili.

Mzee akawatazama, kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimekuja kunywa chai tu.

"Mwalimu. Wewe huna upande. Chukua wiki."

Nikachukua. Siku ya kwanza nilisema apewe aliyeanza, nikampa Leocadia. Siku ya pili nikaona aliyeanza ni yeye aliyekosea, nikamnyang'anya. Siku ya tatu nikasema apewe aliyetoka jasho zaidi, nikampa Hemedi, mpaka nilipojiuliza kama jasho la miezi ya kuchonga linazidi jasho la kutunza wimbo miaka hamsini bila kujua unautunza kwa ajili ya nini. Nikampa Bi Nuru. Halafu nikakumbuka kuwa kazi aliyoirudia haikuwa yake, ilikuwa ya mama yake. Lakini shingo nayo ilikuwa ya Mhando, na mbao zilikuwa za mti. Nikafikiri nimpe mwenye haja kubwa, nikashindwa kupima haja. Nilikwenda mpaka kukaa na karatasi nikichora safu tatu, kama mtu anayesahihisha mitihani, na zote zilitoka sawa.

Siku ya saba nikarudi mikono mitupu. Nilimkuta Mzee Kaniki amekaa karibu sana na spika, Mwanahawa akimpigia lile gitaa jipya. Nilisema nimeshindwa. Hakusikia. Nikasema tena kwa nguvu.

"Nilijua," akacheka. "Ndiyo sababu nilikupa wewe. Nilitaka wiki ya kusikiliza."

Wimbo ulipokwisha, aliwaita wale watatu. Kufikia siku hiyo ilibidi Mwanahawa amsemee sikioni, tena upande wa kulia tu. Akaamuru gitaa lishushwe ukutani, likawekwa mezani juu ya khanga.

"Mwanahawa," akasema, "leta bisibisi."

Sote tuligeukia meza. Gitaa ambalo halikufunguliwa miaka yote ile.

"Shingo kwa Hemedi. Waya kwa Nuru. Mwili kwa Leocadia. Kila mtu achukue alichorudisha. Mkitaka kuliona namba kumi na saba tena, mtalazimika kuonana."

"Mzee," Hemedi akasema, "hii si haki, ni kugawa kuni."

Leocadia machozi yalimtoka, maana kati ya wote yeye ndiye aliyeomba lisiguswe. Bi Nuru alikuwa ameshanyoosha mikono, kisha akaona haya akairudisha.

Mwanahawa ndiye aliyefanya. Si baba yake, si fundi. Yeye aliyejifunza juu ya gitaa lile, ambaye hakuna aliyemwuliza kama na yeye alilitaka. Alilegeza nyuzi moja moja. Alifungua skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa na kutu, ikalia. Akainua shingo, akampa Hemedi. Kisha akainama akatazama ndani ya kile kishimo, akatuita kwa mkono.

Tulisogea. Jina la Mhando lilikuwepo, kwa penseli, herufi za kujiamini. Na chini yake, pembeni kabisa, kwa mkono mwingine, mkono wa mtu ambaye hakujua herufi ila alijua tarakimu, paliandikwa saba na nusu.

Bi Nuru aliweka kidole juu yake, hakukibonyeza, alikiweka tu.

"Mzee angeruhusu tulifungue mapema," Leocadia akanong'ona, "tungeliona siku ya kwanza."

"Tungeona namba," Bi Nuru akasema. "Saba na nusu ya nini? Nani angekuambia?"

"Na ukijua ya nini," Hemedi akasema, shingo ikiwa mkononi, "ungeifunga kwenye gitaa gani?"

Mzee Kaniki alikuwa akiwatazama midomo. "Wanasemaje?" akamwuliza bintiye.

Mwanahawa aliinama kwenye sikio la kulia. "Wanashukuru, baba."

Akatoa pikapu, akakata nyaya mbili zilizoifunga, akaiweka kwenye kiganja cha Bi Nuru. Akaufunga mwili kwa khanga, akampa Leocadia, ule mwili ambao sasa ulikuwa na jina la Mhando na hesabu ya mama wa mtu mwingine. Wakatoka kwa mlango mmoja, wakashika njia tatu. Ukutani palibaki msumari.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, na Mwanahawa ndiye aliyetekeleza. Mimi mpaka leo sijui kama nililoliona lilikuwa haki au ni mzee aliyechoka kuchagua. Basi nawauliza ninyi mliosikia yote: bisibisi ile ingewekwa mkononi mwako, ungeifungua skrubu ya kwanza? Na kama ungekataa, ungelikabidhi gitaa zima, likiwa limefungwa, kwa nani kati yao, nawe ungewaambia nini wale wawili waliobaki wamesimama?